Namna ya Kuchora Polima ya Alkeni Yoyote na Kuitambua Monoma Yake

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, ziitwazo monoma, na alkeni ni molekuli yenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Mwanafunzi anayekariri umbo la politheni, kisha la polipropeni, kisha la polistirini, hujitwika mzigo usio wa lazima, kwa kuwa maumbo yote hayo hutokana na jambo moja: kifungo maradufu cha alkeni kina sehemu mbili zisizolingana kwa nguvu, na ile iliyo dhaifu ndiyo inayofunguka. Hatua zifuatazo ndizo ninazozitumia kufundishia. Naomba uzifuate ukiwa na kalamu na karatasi, maana somo hili hueleweka kwa kuchora kuliko kwa kusoma.

Hatua ya 1: Hesabu vifungo. Kila atomu ya kaboni huwa na vifungo vinne. Katika etheni, CH₂=CH₂, kila kaboni ina hidrojeni mbili, na vifungo viwili vilivyobaki vyote vinaielekea kaboni ya pili.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini kifungo hicho hufunguka. Kuvunja kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni huhitaji takriban kilojuli 347 kwa moli, ilhali kifungo maradufu huhitaji takriban 614, ambazo hazifiki mara mbili ya kiasi cha kwanza. Maana yake ni kwamba sehemu ya pili ya kifungo maradufu ina thamani ya kilojuli 267 hivi. Ikivunjika na nafasi yake ikachukuliwa na kifungo kipya cha kawaida, nishati hutolewa, na ndiyo sababu wahandisi wa viwanda vya politheni hushughulika sana na kuondoa joto. Udhaifu huohuo ndio unaoifanya alkeni iondoe rangi ya maji ya bromini, kipimo ambacho alkani, yenye vifungo vya kawaida pekee, haiwezi kukifaulu gizani.

Hatua ya 3: Iandike alkeni upya kwa umbo la herufi H. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Weka kaboni mbili zenye kifungo maradufu katikati, kisha vitu vyote vingine uvielekeze juu au chini, hata kama kitabu kimeviandika kwenye mstari mmoja. Propeni huandikwa CH₂=CH–CH₃, na anayeharakisha huziingiza kaboni zote tatu katika uti wa mnyororo. Hilo si sahihi. Kundi la methili halikushiriki katika kifungo maradufu, hivyo halina njia ya kuingia katika uti. Linabaki likining'inia pembeni. Katika kloroetheni kinachoning'inia ni klorini, na katika stirini ni pete ya benzini yenye kaboni sita.

Hatua ya 4: Fungua na uunganishe. Futa mstari mmoja wa kifungo maradufu, kisha toa mkono mmoja kushoto na mmoja kulia. Funga kizio hicho kwa mabano, uandike n (idadi ya vizio) chini yake upande wa kulia, na uhakikishe mikono inavuka mabano. Mikono inayoishia ndani haionyeshi mnyororo unaoendelea.

Kinachotendeka katika mtungi ni kwamba peroksidi, inayoanzisha mmenyuko, huvunjika ikatoa radikali huru, yaani chembe yenye elektroni pweke, nayo huishambulia kaboni ya kifungo maradufu yenye hidrojeni nyingi zaidi. Elektroni pweke hubaki kwenye kaboni yenye kundi la pembeni, ambako imetulia zaidi, kisha hushambulia monoma inayofuata. Kwa sababu hiyo makundi ya pembeni hukaa kwa kupishana, kwenye kila kaboni ya pili.

Hatua ya 5: Husisha umbo na sifa. Politheni iligunduliwa mwaka 1933 nchini Uingereza na Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, chini ya shinikizo kubwa mno. Njia hiyo hutoa minyororo yenye matawi, isiyoweza kulala karibukaribu, na plastiki laini yenye densiti ya gramu 0.92 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Mwaka 1953 Karl Ziegler alitumia vichocheo vya titani na alumini, akapata kwa shinikizo dogo minyororo iliyonyooka, yenye densiti ya 0.95 hivi na ugumu zaidi. Giulio Natta alivitumia vichocheo vya aina hiyo kupanga methili zote za polipropeni kwa mwelekeo mmoja, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963.

Hatua ya 6: Kokotoa. Hakuna atomu inayopotea, hivyo gawanya uzito wa molekuli ya polima kwa ule wa monoma: politheni yenye uzito wa 280,000 ikigawanywa kwa 28 ya etheni hutoa vizio 10,000.

Hatua ya 7: Rudi kinyumenyume. Ukipewa mnyororo, kata kaboni mbili za uti zinazofuatana, ondoa mikono ya nje, na urudishe kifungo maradufu kati yake. Ukikuta atomu za oksijeni ndani ya uti, kama ilivyo katika poliesta, usitafute alkeni: kwa kawaida minyororo ya poliesta hujengwa kwa mmenyuko unaounganisha monoma huku ukitoa molekuli ndogo kama maji.