Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Afya, Kagua Kozi Yenyewe

Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kozi unayoitaka isiwe na idhini. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza: wanaona cheti kimetundikwa ofisini, wanalipa. Nchini Tanzania, NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, huidhinisha kozi moja moja. Chuo kinachoruhusiwa kufundisha famasi hakijapata kwa hilo ruhusa ya kufundisha uuguzi.

Anza na kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu, kilichopo kwenye tovuti ya NACTVET. Tafuta jina la chuo herufi kwa herufi, maana majina hufanana sana, kisha soma namba ya usajili, kozi, ada na idadi ya nafasi. Mwongozo wa mwaka juzi usiutegemee.

Kisha uliza baraza la taaluma: la Uuguzi na Ukunga, la Famasi, au la wataalamu wa maabara za afya. Swali ni moja: mhitimu wa kozi hii, katika chuo hiki, mtamsajili? Bila usajili wa baraza hakuna leseni, na bila leseni, cheti chako hakikufungulii wodi wala duka la dawa.

Sasa piga hesabu. Tuseme chuo kisicho na idhini kinataka shilingi 2,900,000 kwa mwaka, ada, hosteli, chakula na michango, na chenye idhini kinataka 3,300,000. Kwa stashahada ya miaka 3 unaona umeokoa 1,200,000. Ukigundua tatizo baada ya miaka 2, zimeshatoka 5,800,000, na unaanza upya ngazi ya 4, yaani mwaka wa kwanza, kwa sababu masomo ya kozi isiyotambuliwa hayahamishiki. Jumla inakuwa 15,700,000 badala ya 9,900,000, mbali na mishahara ya miaka 2 uliyoikosa.

Jihadhari na chuo kinachosema "usajili unashughulikiwa", kinachopokea ada kwenye simu ya mtu binafsi, au kinachokubali mwanafunzi wa utabibu aliyefeli kemia au baiolojia kidato cha nne. Mwanafunzi huyo ndiye anayeumia zaidi: hata chuo kikipata idhini kesho, sifa zake za kuingia zitamkwamisha NACTVET wanapohakiki majina ya waliodahiliwa. Uliza pia mazoezi ya vitendo yanafanyika hospitali gani, halafu nenda hospitalini ukathibitishe kwamba makubaliano ya maandishi yapo.

Kama umeshaingia, usilipe muhula unaofuata kwanza. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba jina lako limehakikiwa NACTVET. Wakikuzungusha, nenda ofisi ya kanda ya NACTVET na barua ya udahili, risiti zote za malipo na matokeo yako ya kidato cha nne. Malipo yasiyo na risiti ni vigumu kuyadai, kwa hiyo chapisha miamala ya benki au ya simu kabla hujaondoka nyumbani.