Kiuno kikikukamata ungali kijana

Nina miaka 27, naendesha boda Busia, upande wa Uganda. Miaka mitatu iliyopita niliinama kuinua gunia la mahindi nilipakie kwenye pikipiki, kiuno kikakaza, nikashindwa kunyooka. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Lala, usijiguse." Nikalala siku tisa. Siku ya kumi hata kwenda chooni nilishikwa mkono na mama. Vijana wenzangu wa steji, msirudie kosa hilo.

Hapa kwetu ukisema kiuno kinauma utaambiwa ni figo, au nguvu za kiume zimekwisha, na utauziwa mitishamba siku hiyohiyo. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huja na homa au shida ya mkojo. Yale yanayozidi ukiinama, ukibeba au ukiketi muda mrefu, kwa kawaida ni ya misuli, kano na viungo vya mgongo. Mara nyingi hakuna kilichovunjika, ndiyo maana picha ya eksirei huwa haionyeshi kitu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita.

Siku za kwanza, lala chali kwenye mkeka, miguu ya chini uiegeshe juu ya kiti, dakika kumi. Halafu inuka. Usiinuke kwa kuvuta kichwa mbele: geuka ubavu, kunja magoti, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Tembea uani taratibu, pumzika, rudia baada ya saa moja. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge, dakika 15, hulegeza misuli. Ibuprofeni husaidia kwa siku chache, baada ya kula; mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiimeze bila kuuliza daktari. Mimi kliniki moja ilinidunga sindano wiki nzima. Pesa ziliisha, maumivu yakarudi.

Kilichoniponya ni mazoezi, na nayafanya hadi leo. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, inua nyonga, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kisha piga magoti na viganja kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia, badilisha. Kuuma kidogo si hatari. Lakini maumivu yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo.

Barabarani, shuka kwenye pikipiki kila baada ya safari, hata kama foleni ya abiria ni ndefu, ujinyooshe. Dada zangu mnaochota maji: jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 za maji upande mmoja wa mwili. Mbili za lita kumi, moja kila mkono, kiuno huzibeba vizuri zaidi. Mzigo ukae karibu na tumbo, magoti yakunjwe, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usipinde kiuno.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Ukifa ganzi katikati ya mapaja na makalioni, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au mguu ukalegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Neva zikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda navyo si vya kuvumilia: kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na anayekunywa maziwa mabichi anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu. Na kama ni zaidi ya miezi mitatu unaamka umekakamaa kwa nusu saa au zaidi, kisha unalegea ukitembea, mwambie daktari hivyohivyo, maana kuna ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya mgongo unaoanzia ujanani.

Mimi gunia silibebi tena peke yangu. Namwambia mwenye mzigo, "Shika upande ule, mzee," na hadi leo hakuna aliyekataa.