Msimu wa kulungu ukiwa mkavu Minnesota, Marekani: jinsi ya kukaa ulingoni bila kukata tamaa

Kuna watu tunaowinda nao wanarudisha bunduki kabatini siku ya tatu tu ati msimu ni mkavu, msitu hauna kitu. Nawaelewa kabisa, maana ukikaa ulingoni juu ya mti kwenye baridi ya Novemba kuanzia giza la asubuhi mpaka giza la jioni na umeona kindi wawili tu, roho inachoka. Lakini mimi nimekuja kuona kwamba subira ya mwindaji inaanzia miguuni, yaani mtu vidole vikishaanza kuuma kwa baridi hata umwambie nini atashuka, na akishashuka atajitafutia sababu.

Kwa hiyo anza na miguu. Buti ziwe kubwa kidogo, kwa sababu ukivaa soksi mbili nene ndani ya buti inayobana damu haipiti na utaganda haraka kuliko aliyevaa soksi moja. Mimi napanda na kipande cha godoro la sponji, kama ukubwa wa kitabu kikubwa, naweka chini ya nyayo kwa sababu ulingo wa chuma unanyonya joto vibaya sana. Halafu usitembee na koti zito mwilini, lifunge kwenye begi, nenda polepole na shati mbili tu hata kama unasikia baridi kidogo, ukifika unasubiri jasho likauke ndo unavaa. Ukitoka jasho njiani, saa tatu asubuhi utakuwa unatetemeka na siku yako imeisha.

Chakula nacho kina kazi yake. Chukua chai ya tangawizi kwenye chupa na chapati mbili, ila ile foili iache nyumbani kabisa, zifunge kwa kitambaa laini uziweke mfuko wa ndani zisigande. Msituni asubuhi ukigusa foili inasikika mbali mno. Na panga muda, chapati ya kwanza saa nne, ya pili saa saba, ili siku iwe na vituo, maana siku isiyo na vituo haiishi.

Sasa kuhusu mnyama mwenyewe. Tunamwita kulungu kwa sababu ndo jina tulilokuja nalo, ila huyu wa mkia mweupe si yule wa nyumbani, dume wake anaangusha pembe kila mwaka na zinaota upya, na muda mwingi anaishi kwenye eneo dogo tu, kama maili moja ya mraba hivi. Maana yake usipomwona, mara nyingi hajahama, yupo na kuna sababu hapiti kwako. Ukiijua sababu unaweza kukaa, usipoijua unaona unapoteza muda, na hapo ndo watu wengi wanapokata tamaa.

Angalia chini kwanza. Kama mialoni, yaani miti ya oak, imezaa sana mwaka huo, kulungu hana haja ya kutoka kwenda shambani kula, anakula mbegu zilizodondoka huko huko ndani na kulala hapo hapo, hasa za mwaloni mweupe ambazo hazina uchungu kama za mwaloni mwekundu. Ukikaa pembeni ya shamba mwaka kama huo utaona majani tu, kwa hiyo ingia ndani. Angalia na mahindi ya jirani, kama mvua imechelewesha mavuno na mahindi bado yamesimama basi kulungu wamo humo, wana chakula na kivuli na hakuna anayewasumbua, na siku mashine ikipita kuvuna mambo yanabadilika ghafla, siku hiyo omba ruhusa kazini ukiweza. Kule kaskazini kuna miaka kulungu ni wachache kweli kwa sababu theluji nyingi ya miaka ya nyuma iliua watoto, na hapo punguza matarajio toka mwanzo, usijilinganishe na mtu wa kusini.

Halafu kuna siku za katikati ya Novemba ambazo madume walikuwa wanakimbia kila mahali halafu kimya, kama wamemezwa. Mara nyingi dume amempata jike aliye kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa, na amejificha naye kichakani, hamuachi siku moja au mbili. Joto la jike linachukua kama saa 24, na asiposhika mimba linarudi baada ya wiki nne hivi, ndo maana mwanzo wa Desemba huwa kuna mwamko mwingine mdogo na wenye leseni ya gobore au upinde bado wana nafasi. Kimya hicho kikiisha dume anaanza kutafuta jike mwingine, na hachagui saa, anaweza kupita saa sita mchana jua kali.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilishuka saa nne na nusu, theluji ilikuwa imeanguka usiku, nikaenda kwenye gari kupasha mikono na kulala kidogo. Niliporudi saa nane nikakuta nyayo kubwa zimekanyaga juu ya nyayo zangu mwenyewe, zimepita hatua kama kumi na tano kutoka kwenye ngazi. Toka siku hiyo kuanzia Novemba 7 hivi mpaka 20 sishuki mchana. Kama huwezi kukaa siku nzima, bora uende saa tano mpaka jioni kuliko kushuka saa nne na kuvuruga msitu kwa kutembea tembea.

Nguo ya rangi ya machungwa isikutie wasiwasi, sheria inataka hiyo au ya pinki inayong'aa, na kulungu hiyo ya machungwa haioni vizuri. Anachoona vizuri ni bluu, kwa hiyo jinzi iache nyumbani, na anachoona zaidi ya vyote ni mkono unaotoa simu mfukoni kila dakika. Simu ukiitoa, iwe ni kuangalia upepo umegeukia wapi. Upepo ukipeleka harufu yako kule wanakolala, hiyo si siku ya kuvumilia, hama ulingo.

Kitu kinachonitia hofu kweli kwenye msimu mkavu ni nusu saa ya mwisho. Mtu amekaa siku tano bila kitu, mwanga unaisha, anaona kivuli kinasogea na mkono unakwenda wenyewe kwenye bunduki. Usipige. Kama huoni bega lake vizuri, kama hujui nyuma yake kuna nini, mwache apite. Mimi nikiwa bado nimetulia asubuhi najiwekea mpaka, nachagua mti mmoja mbali kidogo, gome lake nikiacha kuliona vizuri kwa darubini ya bunduki basi kuwinda kumeisha hata kama sheria bado inanipa dakika kumi.

Ukimaliza unatoa risasi zilizomo ndani ya bunduki, unaiteremsha kwa kamba, mkanda wa usalama unabaki umefungwa mpaka mguu uguse ardhi, na kwenye gari kabla hujawasha injini andika upepo ulikotoka na ulichokiona, hata kama ni hao kindi wawili.