Uliza mchuzi kabla hujaagiza samaki

Ukialikwa kwenye hoteli yenye mapishi ya Kifaransa hapa Mwanza, usiagize samaki kabla hujauliza mchuzi wake una nini. Ule mweupe wa siagi, beurre blanc, huanza na divai nyeupe na vitunguu vidogo vinavyochemshwa mpaka vikaribie kukauka, ndipo siagi baridi inaingia kipande kwa kipande. Mama mdogo hagusi pombe kabisa, na alishamaliza nusu sahani ndipo tukaambiwa. Iliniuma sana. Omba wakuwekee siagi na limau tu, mara nyingi hawakatai. Mimi huchukua sangara: minofu yake ni minene, haina vimiba vya kuhangaika navyo mbele ya wenyeji. Mle angali wa moto, mchuzi ukipoa siagi inajitenga.