Kumsoma mpinzani wa poka usiyemwona uso

Mimi ni dalali wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kazi yetu inafuata giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi hupumzika, soko linapoa, nami nabaki na usiku mtupu. Hapo ndipo ninapocheza poka kwenye simu. Mpwa wangu anayesoma chuo kule Malimbe ameniuliza, "Mjomba, unawasomaje watu ambao huwaoni hata pua?" Swali lake ni zuri na linastahili jibu refu.

Jibu lote limesimama juu ya jambo moja: kila mchezaji ana kawaida yake, na tendo lake halina maana yoyote mpaka uijue kawaida hiyo. Hapa Mwaloni tuna wateja wa kila aina. Yule ambaye siku zote ni mkimya, akinyamaza leo hajaniambia kitu. Lakini mropokaji akinyamaza ghafla mbele ya magunia, najua mzigo anautaka na pesa anayo. Ukimya ni uleule, waliokaa kimya ndio tofauti. Ukiona mtu anakufundisha kwamba "akichelewa ana karata nzuri, akiwahi ana mbovu", muulize: nani huyo anayechelewa?

Nazungumzia Texas Hold'em, aina ya poka yenye karata mbili mkononi na tano mezani, kwenye meza ya watu sita. Nikisema "kufuata" nina maana ya kulipa kiasi kilichowekwa. "Kupandisha" ni kuongeza. "Kupita" ni kuacha zamu iende bila kuweka kitu. "Kutupa" ni kuziacha karata zako na kutoka kwenye mgao huo. Na "fungu" ni chipu, yaani vipande vya kuhesabia dau, zilizokusanyika katikati.

Anza na hesabu ya karata zenyewe, kwa sababu karata hazina upendeleo. Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili. Jozi yoyote hukujia kama mara moja katika migao 17, na jozi ya ree mara moja katika 221. Ukichukua jozi zote kuanzia kumi hadi ree, ukaongeza ree na kingi, unapata michanganyiko 46 tu, yaani kama 3.5 katika kila 100. Sasa mtazame jirani yako anayepandisha karibu kila mgao. Karata nzuri kiasi hicho hazipo duniani. Na yule aliyetupa karata muda mrefu bila kulalamika, kisha akapandisha akiwa wa kwanza kucheza, mheshimu na utupe zako.

Unapoketi kwenye meza mpya, usikimbilie kucheza. Weka daftari na kalamu kando ya simu. Kwa migao 30 ya kwanza, hesabu mambo mawili tu kwa kila mtu: ni mara ngapi ameingiza chipu kwa hiari yake kabla karata za mezani hazijafunguliwa, na kati ya hizo ni mara ngapi alipandisha. Blaindi, yaani chipu ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya mgao, usihesabu, maana hiyo mtu analazimishwa kuweka. Mimi huchora mstari mmoja kwa kila kuingia na kuukata juu kila alipopandisha. Migao 30 ni michache, inakupa harufu tu. Ikifika 100 na zaidi ndipo picha inaanza kutulia.

Pengo kati ya namba hizo mbili lina maneno mengi. Mtu anayeingia mara 50 katika 100 lakini anapandisha mara 5 tu ni mfuataji. Anapenda kuona karata na hapendi kuachia. Huyo usijaribu kumtisha kwa beti la uongo, atakufuata kwa jozi ya nne nne. Subiri upate karata kweli, kisha weka kiasi kikubwa, atalipa. Mtu anayeingia mara 20 na kupandisha mara 16 au 17 amejifunza mchezo, na mimi simtafuti. Anayeingia mara 10 tu ni mwoga wa karata za wastani: blaindi zake unaweza kuzichukua kila siku, ila akikupandishia, ondoka. Anayeingia mara 60 na kupandisha mara 45 anaishi kwa vitisho, na dawa yake ni kumfuata kwa karata za kati ambazo kwa mwingine ungetupa.

Angalia pia anacheza kutoka wapi. Anayecheza mwisho ameshaona walichofanya waliomtangulia, na wakiwa wametupa wote, kupandisha kwake kunahitaji karata ndogo kuliko kupandisha kwa aliyeanza. Mtu asiyejali nafasi yake, akaingia kwa karata zilezile popote alipo, bado hajajifunza, hata kama kwa sasa chipu zake ni nyingi.

Halafu kuna kitu ambacho wachezaji wengi wa simu wanakipita bila kukitazama, nacho ndicho mali hasa: mwisho wa mgao, karata zinapofunuliwa. Wengi wanatazama nani kashinda, basi. Programu nyingi zinakuhifadhia kumbukumbu ya mgao uliopita. Ifungue. Sasa unazijua karata zake mbili, kwa hiyo rudi mwanzo na utazame alifanya nini nazo hatua kwa hatua. Alipokuwa na jozi ya ree, alipandisha au alijificha kwa kufuata? Alipokuwa anangoja kopa ya tano, alilipa haraka au alifikiri? Alipokosa, aliweka beti la uongo mwishoni au alikubali yaishe? Mgao mmoja uliofunuliwa unazidi migao mingi ya kubahatisha. Ndiyo maana sipendi kuangalia simu nyingine wakati nimetupa karata. Mgao nisiomo ndio ninaosoma vizuri zaidi, kwa kuwa sina hamu wala hofu ndani yake.

Nikupe mfano. Kuna mchezaji mwenye picha ya paka ambaye nimekutana naye mara nyingi. Kwenye daftari nilikuwa nimemwandika: mfuataji, akingoja rangi moja (karata tano za alama moja, kama kopa tupu) analipa papo hapo, akiwa nayo tayari anachelewa na kuweka kikubwa. Usiku huo blaindi zilikuwa 10 na 20. Paka akafuata 20. Mimi nikiwa wa mwisho kabla ya wenye blaindi, nikishika ree na kwini, hakuna kopa hata moja, nikapandisha hadi 80, wenye blaindi wakatupa, paka akafuata. Fungu likawa 190. Mezani zikaja kwini ya shupaza, saba ya kopa na mbili ya kopa. Akapita, nikaweka 100, akalipa papo hapo. Fungu 390. Karata ya nne, tisa ya uru. Akapita, nikaweka 250, akalipa tena papo hapo.

Simama hapo kidogo. Alilipa 250 ili kupata fungu ambalo, pamoja na malipo yake, ni 890. Bei hiyo inataka ashinde kama mara 28 katika 100. Kama alikuwa anangoja kopa, zilizobaki ni 9 katika karata 46 asizoziona, karibu 20 katika 100. Alilipa ghali, na watu wanaolipa ghali hivyo bila kufikiri ni walewale niliowaandika "wafuataji".

Karata ya tano ikawa tatu ya kopa. Sasa paka, ambaye mgao mzima alikuwa anajibu kama umeme, akakaa kimya mpaka mstari wa muda ukakaribia kuisha, kisha akaweka 700 kwenye fungu la 890. Kulipa 700 hapo kunanitaka nishinde kama mara 31 katika 100. Mchezaji mwingine angefanya hivyo ningefikiri sana, maana kuna watu wanaosubiri kopa ya tatu ionekane mezani ili watishe. Huyu sikumfikiria. Nilitupa. Hakuonyesha karata zake, wala sikuhitaji azionyeshe. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa yote niliyoyajua juu yake.

Katika mfano huo umeona kiasi na muda vikifanya kazi pamoja. Kiasi kipime siku zote kwa fungu, usikipime kwa namba yenyewe. Beti la nusu ya fungu linakutaka ushinde mara 25 katika 100 ili usipate hasara. Beti la fungu zima, mara 33. Wanaoanza wana tabia ya kuweka kidogo wakiwa na karata dhaifu na kikubwa wakiwa nazo nzuri, wengine kinyume chake kwa kudhani wanaficha. Huna haja ya kukisia ni yupi. Andika kiasi, subiri karata zifunuliwe, linganisha.

Muda ndio unaodanganya kuliko vyote. Kulipa papo hapo mara nyingi ni karata ya kati au anayengoja: haoni sababu ya kutupa, wala hawazi kupandisha. Kupita papo hapo huenda amebonyeza mapema kitufe cha "pita au tupa", dalili kwamba alishakata tamaa kabla ya zamu yake. Lakini kumbuka mtandao. Mvua ya ziwani ikishuka na radi zake, umeme ukikatika Igogo hadi Mabatini, mtu anaweza kuchelewa sekunde 15 kwa sababu simu inatafuta mawimbi. Mwingine anacheza meza nne kwa wakati mmoja, anachelewa kwako kwa sababu ana kazi kule. Ukiona mtu amechelewa hata kutupa karata mbovu migao kadhaa mfululizo, futa kila ulichoandika juu ya muda wake usiku huo. Na wewe jilinde: hesabu moja hadi tatu kimya kabla ya kila tendo, liwe jepesi au zito, ili daftari la mwenzako libaki tupu.

Mtu akipoteza fungu kubwa, mtazame migao kumi inayofuata. Je, anajaza chipu mara moja? Anaingia migao aliyokuwa anatupa? Anaanza kutukana kwenye sehemu ya kuchati? Mwoga wa jana anaweza kuwa mwendawazimu kwa dakika ishirini, na namba zake za zamani hazimhusu kwa muda huo. Wengine hufanya kinyume, wanajikunja na kutupa kila kitu. Kujua mpinzani wako ni wa aina gani kuna faida kubwa, na hupatikana kwa kuwa makini saa hiyohiyo.

Mpwa wangu, na kila anayesoma: jifunze haya kwenye meza za chipu za bure kwanza. Ila ujue kwamba kule watu hawaogopi kupoteza, hivyo wanafuata mno na vitisho havifanyi kazi. Usibebe kawaida za kule ukazitumia kwenye pesa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kwa pesa hapa Tanzania, na michezo hiyo inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Cheza penye leseni, kwa pesa ambayo si ya ada wala chakula. Kuambiana karata kwa simu na rafiki aliye kwenye meza ileile ni wizi, usikubali hata akiwa ndugu yako. Programu za kuhesabu wachezaji kwa ajili yako zipo, baadhi ya meza zinaziruhusu na nyingine zinazikataza, kwa hiyo soma masharti. Mimi nashauri daftari, kwa kuwa mkono ukiandika, jicho linatazama.

Daftari lenyewe lipange kwa jina la mchezaji, si kwa tarehe. Andika ulichoona, usiandike ulichohisi: "alipita mara mbili akiwa na jozi ya kingi, akapandisha kwenye karata ya tano" kunakusaidia, "mjanja" hakukusaidii. Weka alama kwenye jambo lililothibitishwa na karata zilizofunuliwa, na alama nyingine kwenye lile unalodhani. Mchezaji akifanya kinyume cha ulichoandika mara mbili karata zikiwa wazi, kata mstari wa zamani na uanze naye upya, kuanzia migao 30.