Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Mapezi ya Mazoezi ya Kupiga Miguu

Muogeleaji anayetaka mapezi, yaani vifaa vyenye ubapa vinavyovaliwa miguuni ili kusukuma maji, kwa ajili ya mazoezi ya kupiga miguu hana budi kujiuliza swali moja kabla hajatazama rangi, bei wala jina la mtengenezaji: ni upungufu gani wa miguu yake anaotaka kuurekebisha? Yupo ambaye miguu humzamia kila anapoogelea, yupo anayepiga maji kwa magoti kana kwamba anakanyaga baiskeli, yupo ambaye vifundo vya miguu yake vimekakamaa hata nyayo hazinyooki, na yupo ambaye ufundi wake hauna tatizo ila misuli humchoka kabla ya kumaliza mita 50. Watu hawa wanne hawahitaji pezi la namna moja, na ndiyo sababu kuuliza tu ni pezi gani lililo bora hakumfikishi mtu popote.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni urefu wa ubapa, yaani ile sehemu bapa ya pezi inayotokeza mbele ya vidole. Ubapa mrefu husukuma maji mengi kwa kila pigo, kwa hiyo mwili huinuka na kasi huongezeka hata kwa mtu anayeanza kujifunza. Lakini maji hayohayo huulemea mguu, na mapigo huwa ya polepole na mapana kuliko yale anayoyapiga akiwa miguu mitupu. Ubapa mfupi, unaovuka ncha za vidole kwa sentimita chache tu, hauongezi kasi kwa kiasi hicho, ila humwezesha muogeleaji kupiga miguu kwa mwendo unaokaribia ule wake wa kawaida huku misuli ya mapaja na nyonga ikifanya kazi kwelikweli. Anayejifunza kuanzishia pigo kwenye nyonga badala ya goti, au anayetaka kulainisha vifundo, atanufaika na ubapa mrefu ulio laini. Anayetafuta nguvu na wepesi wa mtindo huru achukue mfupi. Kwa maoni yangu, muogeleaji ambaye tayari anajua kupiga miguu na anaweza kununua jozi moja tu asisite kuchagua fupi, kwa sababu mazoea anayoyapata humo huhama naye kwa urahisi zaidi anapovua mapezi.

Ugumu wa ubapa haulingani na urefu wake, hivyo upimwe peke yake. Ushike ubapa kwenye ncha na uukunje taratibu: unapaswa kupinda kidogo kidogo kuelekea mguuni, kisha urudi wenyewe mara unapouachia. Ubapa usiopinda kabisa huuhamishia mzigo wote kwenye vifundo, kano za kisigino na mashavu ya miguu, na hapo ndipo misuli inapobana katikati ya bwawa. Mtu aliyewahi kuumia kifundo, goti au kiuno azungumze na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kununua.

Saizi nayo inahitaji subira. Mapezi mengi huuzwa kwa saizi za pamoja, kwa mfano 39 hadi 40 au 41 hadi 42, kwa hiyo namba ya kiatu ni mwanzo tu wa kutafuta. Keti, uyavae, inua mguu na uutikise kwa nguvu: kisigino kisichomoke, wala vidole visijikunje ili kulishikilia pezi. Pezi linalolegea hucheza mguuni na kusababisha malengelenge. Linalobana huzuia damu na kuleta ganzi. Kumbuka pia kwamba mguu uliolowa huteleza kuliko mkavu, na kwamba anayekusudia kuvaa soksi za kuogelea anapaswa kujipima akiwa nazo. Mpira laini au silikoni kwa kawaida haichubui ngozi kama plastiki ngumu inavyochubua. Wazazi hupenda kumnunulia mtoto mapezi makubwa ili akue nayo. Tafadhali wasifanye hivyo, kwani mtoto atajifunza kukunja vidole na kukakamaza kifundo, yaani kinyume kabisa cha kile mapezi yaliyokusudiwa kumfundisha.

Anayeogelea mtindo wa chura aelewe kwamba mapezi ya kawaida hayamfai kwa pigo hilo. Wayo wa mtindo huo hugeuka nje na kusukuma maji kwa upande na nyuma, na ubapa unapoongeza uzito katika mzunguko huo, goti ndilo linaloumia. Kwa mtindo wa kipepeo, mapezi husaidia sana, hasa katika mapigo ya chini ya maji baada ya kujirusha na kugeuka, ambako kanuni za mashindano humruhusu muogeleaji kubaki chini hadi mita 15. Hata hivyo, mazoezi hayo yafanywe palipo na mtu anayekuangalia, bila kuhema kwa haraka mfululizo kabla ya kuzama, kwa sababu tendo hilo huweza kumpotezea mtu fahamu akiwa majini bila dalili yoyote ya awali.

World Aquatics, shirika linalosimamia mchezo wa kuogelea duniani na ambalo kabla ya 2023 lilijulikana kama FINA, haliruhusu mapezi katika mashindano ya kuogelea. Kwa hiyo panga mapema sehemu ya mazoezi itakayofanywa bila mapezi. Mimi ningeanza na robo tu ya umbali wa siku nikiwa nimeyavaa, nikipokezana mita 25 nayo na mita 25 bila. Uliza pia utaratibu wa bwawa unalotumia, kwani baadhi hayaruhusu mapezi marefu katika njia za watu wengi, na hata yanaporuhusiwa, mwenye mapezi huwafikia wenzake haraka kuliko anavyodhani.

Yavae ukiwa umeketi ukingoni, si kwa kutembea nayo kwenye sakafu iliyolowa. Baada ya zoezi yasuuze kwa maji safi ili kuondoa klorini au chumvi, kisha yaanike kivulini yakiwa yamelala, maana jua hukausha mpira hadi ukapasuka. Na kabla ya kulipa, ulizia kama muuzaji hukubali kubadilisha saizi baada ya mapezi kuloweshwa, kwa kuwa kasoro nyingi za saizi hujitokeza yakiwa tayari ndani ya maji.