Fani na maudhui kupitia kisa cha Sungura na kisima

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hukariri fasili za istilahi za fasihi, lakini wakiambiwa "fafanua kwa mifano" kalamu husimama. Kwa hiyo, kabla hatujafungua riwaya, naanza na hadithi wanayoijua tangu utotoni. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anagoma kuchimba, kisha anakuja kuiba maji. Fisi aliyepewa lindo anahongwa asali na kufungwa kamba. Kobe anajizamisha kisimani, mgongo kaupaka ulimbo, na Sungura ananasa.

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto andika fani, yaani jinsi hadithi ilivyosukwa. Kulia maudhui, yaani yanayosemwa.

Muundo na mtindo ndivyo huchanganywa zaidi. Muundo ni mpangilio wa matukio. Hapa ni wa moja kwa moja: ukame, kisima, wizi, kunaswa. Ukianza na Sungura akiwa amenasa, halafu ukarudi nyuma kusimulia alivyogoma, huo ni muundo wa rejea. Mtindo ni namna ya kusimulia: nafsi ipi inatumika? Kuna majibizano? Kuna nyimbo, au "Paukwa! Pakawa!" ya mwanzo? Ukipangua matukio, umegusa muundo. Ukimwachia Sungura asimulie mwenyewe kwa "mimi", umegusa mtindo.

Wahusika usiwaorodheshe tu. Sungura ni mhusika mkuu, tena bapa, kwa kuwa ujanja wake haubadiliki mwanzo hadi mwisho. Mandhari ni nyika wakati wa kiangazi. Bila kiangazi hicho hakuna kisima, na bila kisima hakuna ugomvi.

Kwenye maudhui, mgogoro wa Sungura na wenzake kila mtu anauona. Mimi huwataka wamtazame Fisi: anajua yuko zamu, harufu ya asali inampiga puani, anaangaza huku na huku kama kuna anayemwona. Huo ni mgogoro wa nafsi, na wengi huuruka.

Dhamira, yaani wazo kuu la hadithi, hutajwa kwa neno au kirai (kifungu kifupi cha maneno), mfano uwajibikaji. Ujumbe ni sentensi kamili: asiyeshiriki kuchimba asidai maji.

Kila hoja ishikize kwenye tukio. "Kobe ni jasiri" haitoshi. Andika: "Kobe ni jasiri, kwa kuwa alikubali kujificha majini peke yake kumsubiri mwizi aliyemshinda Fisi."